Kale kwa Sheria ya Nani?

Katika mji mdogo wa Gardone Val Trompia, kaskazini mwa Italia, viwanda vya Uberti na Pedersoli huunda bastola ambazo, kwa jicho la asiye fundi, zimetoka vitani miaka mia moja na sitini iliyopita. Mitindo inayopendwa zaidi ni Colt ya 1851 na Remington ya 1858. Hazitumii risasi za kisasa zenye ganda. Mwenye bastola humimina baruti nyeusi katika kila tundu la silinda, akashindilia tufe la risasi juu yake, kisha akapachika fataki ndogo kwa nyuma. Nyundo ikigonga fataki, moto hupenya hadi kwenye baruti na moshi mweupe huwafunika wote waliosimama karibu.

Tangazo la bastola hizi katika maduka ya Marekani mara nyingi huja na ahadi tamu: haihitaji leseni, utaletewa hadi mlangoni. Siku hizi mtu aliyeketi Kinoru, jirani na uwanja wa michezo wa Meru, Kenya, hulisoma tangazo hilo kwenye simu kwa wepesi uleule wa mtu wa Texas. Kinachobadilika ni sheria inayosubiri kifurushi njiani. Wanaoagiza, wanaotuma zawadi nyumbani na hata wanaorithi bunduki ya babu huingia matatani kwa sababu wanaamini kwamba neno "kale" lina maana moja duniani kote. Halina. Kila nchi imechagua mwaka wake, na mwaka huo hauvuki mpaka.

Ahadi ya tangazo hilo haikuzuka bure. Mwezi Machi 1963 Lee Harvey Oswald aliagiza kwa barua bunduki ya Carcano, iliyotengenezwa Italia, kutoka duka la Chicago. Ilimgharimu dola 21.45 pamoja na usafirishaji, ikafika kwenye sanduku lake la posta mjini Dallas. Novemba mwaka huohuo Rais John F. Kennedy akauawa kwa bunduki hiyo. Baada ya miaka mitano ya mabishano, na baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa, bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968, iliyofunga mlango wa kununua bunduki kwa barua kutoka jimbo jingine bila kupitia muuzaji mwenye leseni.

Lakini wabunge hawakutaka kuwasumbua wakusanyaji wa vitu vya zamani, hivyo wakaacha dirisha. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ilihesabiwa kuwa ya kale, ikatoka nje ya masharti mengi ya sheria ile. Dirisha likapanuliwa zaidi: hata nakala mpya huhesabiwa ya kale ikiwa haiwezi kutumia risasi za kawaida zenye ganda. Ndiyo maana bastola iliyotoka kiwandani Gardone mwaka jana inaweza kuitwa ya kale na serikali kuu ya Marekani. Kigezo hapo ni namna inavyofyatuka. Umri wa chuma chenyewe haujalishi.

Mwaka 1898 una mantiki ya kiufundi. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likaanza kutumia bunduki ya Lebel iliyojengwa juu ya ugunduzi huo. Ilipofika mwisho wa karne majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa yameiacha baruti nyeusi. Mwaka huo ukawa kama mstari kati ya zama mbili.

Hata huko Marekani, hata hivyo, ahadi ya tangazo ina mipaka. Sheria ya mwaka 1927 ilizuia posta ya taifa kubeba bastola na silaha nyingine zinazofichika mwilini. Bastola ya kale hupata nafasi ikiwa inatumwa kama kitu cha kuhifadhiwa au cha makumbusho, ikiwa tupu. Baruti yenyewe haikubaliki katika posta hata kidogo. Tena majimbo yana sheria zao: New Jersey huitendea bastola ya baruti nyeusi kama bastola nyingine, na mnunuzi hana budi kuwa na kibali. Kwa hiyo neno "haihitaji leseni" linaweza kukwama hata kabla kifurushi hakijaondoka Marekani.

Uingereza ilifika mahali pengine kabisa. Machi 1996 mtu mwenye silaha aliua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland. Mwaka uliofuata bastola za kawaida zikapigwa marufuku kwa raia. Bunduki na bastola za kushindilia kwa mdomo zilisalimika, lakini mwenye nazo lazima awe na cheti cha polisi, na baruti nyeusi ina cheti chake cha peke yake. Kuhusu ukale, kanuni za mwaka 2021 ziliweka mstari wa 1 Septemba 1939. Silaha iliyotengenezwa kabla ya siku hiyo, ikiwa ya aina zilizotajwa na ikiwekwa kama pambo au kumbukumbu tu, huhesabiwa ya kale. Nakala mpya haihesabiwi. Bastola ileile ya Gardone, basi, ni ya kale ikiwa Texas na ni silaha ya cheti ikiwa London.

Umoja wa Mataifa nao una mwaka wake. Itifaki ya Silaha ya 2001, ambayo Kenya imejiunga nayo, huziondoa silaha za kale na nakala zake katika maana ya silaha, ila huiachia kila nchi kazi ya kueleza ni zipi. Sharti moja tu halijadiliki: hakuna silaha iliyotengenezwa baada ya 1899 inayoweza kuitwa ya kale. Katika vitabu vya forodha duniani, kitu cha kale ni kile kilichozidi miaka 100. Na katika Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya Kenya ya mwaka 2006, kitu cha kale kinachobebeka ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895.

Hivyo tuna 1895, 1898, 1899, 1939 na miaka mia. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachofanya kazi ya kingine. Mwaka 1895 wa Kenya uliwekwa kulinda urithi usitoroshwe. Haumpi mtu ruhusa ya kumiliki bunduki. Miaka mia ya forodha inahusu kitabu cha ushuru. Mwaka 1898 ni wa Wamarekani.

Kenya inaanzia kwenye swali jingine. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyotungwa mwaka 1953, haianzi kwa kuuliza bunduki ilizaliwa lini. Inauliza inaweza kufanya nini. Silaha, kwa maana yake, ni chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua, ambacho kinaweza kufyatua risasi au kitu kingine, au kinachoweza kurekebishwa kifyatue. Sehemu muhimu, kama mtutu wenyewe, nazo zimo ndani ya maana hiyo, kwa hiyo anayefikiri kuivunja bastola vipande vitatu na kuituma katika vifurushi vitatu hajaikwepa sheria. Ameikaribia mara tatu. Mtu haruhusiwi kununua, kupokea wala kukaa na silaha bila cheti, na chombo chenye mamlaka ya vyeti ni Bodi ya Leseni za Silaha. Kuingiza silaha kutoka nje kunahitaji kibali, na kibali hutangulia mzigo.

Bastola ya Colt ya 1851, iwe ya asili au nakala, ina mtutu na inaua. Kwa maneno hayo mawili tayari imeingia mlangoni mwa Sura ya 114. Mwenye hoja kwamba yake ni pambo la ukutani anaweza kuipeleka hoja hiyo kwa Bodi, kwa maandishi, kabla ya kulipa hata senti. Akingoja hadi aitwe kueleza kwa nini sanduku lake limezuiwa, atakuwa anajibu tuhuma badala ya kuomba ruhusa.

Kwa nini sheria iwe kali hivyo kwa chombo kinachochukua dakika kadhaa kushindiliwa? Historia ya Afrika Mashariki inajibu, na inaanza na sheria iliyokuwa kinyume kabisa na hii.

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa lango kuu la bunduki kuingia bara, zikibadilishwa kwa pembe za ndovu na watu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani, Euan-Smith, alikadiria kwamba kati ya silaha 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipitia huko kila mwaka. Mataifa ya Ulaya, yaliyokuwa yakigawana bara, yakaogopa. Tarehe 2 Julai 1890 yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia bunduki na baruti kuingizwa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Lakini mkataba ule uliacha tundu: bunduki za gumegume zenye mtutu laini ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa masharti. Zilizozuiwa kabisa kwa Mwafrika ni zile za kisasa.

Mantiki ya 1890, kwa hiyo, ndiyo mantiki ya Marekani ya 1968: teknolojia kuukuu haina hatari kubwa. Tofauti ni nani aliyenufaika. Marekani ilimwachia raia wake burudani. Brussels iliwaachia Waafrika gobole, wakati majeshi ya kikoloni yakibeba bunduki za kujazia risasi nyuma na bombomu. Matokeo yake yalionekana wazi katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambapo wengi wa wapiganaji waliokuwa na bunduki walishika magobole mbele ya bombomu za Wajerumani.

Gobole halikuisha na ukoloni. Kusini na magharibi mwa Tanzania wahunzi waliendelea kuliunda na wawindaji kulitumia, na hadi leo polisi wa huko wakiita wananchi wasalimishe silaha kwa hiari, magobole huwa miongoni mwa zinazorudishwa. Nchi hiyo ilitunga upya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi mwaka 2015. Hakuna askari wa wanyamapori wa Selous au Katavi atakayekubali kwamba silaha ya kushindilia kwa mdomo ni kitu cha makumbusho. Ameona ndovu waliouawa nayo.

Meru na Embu nazo zina ushahidi wake. Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906 na kufungua kituo Meru mwaka 1908. Miaka arubaini na minne baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa, na misitu ya Mlima Kenya ikawa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau, wakiwemo Wameru chini ya Musa Mwariama na Baimungi. Silaha zao nyingi zilitoka kwa mafundi wa msituni: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa mtambo wa kufyatulia, mpira ukafanya kazi ya springi, na kitako kikachongwa kwa mti. Zilitumia risasi za kawaida, si baruti ya kushindilia, na mara nyingine zilimlipukia mwenye kuzishika. Hata hivyo ziliua.

Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kunyonga. Kukutwa na silaha au risasi kukawa kosa la kifo. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kukutwa na bastola na risasi sita, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sura ya 114 ilitungwa katika miaka hiyo hiyo. Maneno yake mengi yamefuata mtindo wa sheria za Uingereza, lakini ilianza kutumika katika nchi ambamo bomba la maji lilikuwa bunduki. Katika nchi kama hiyo, kigezo cha "inaonekana ya zamani" au "imeundwa kienyeji" kisingemsaidia mtu yeyote.

Uhuru haukulegeza wasiwasi huo. Mipaka ya Meru na Isiolo bado hulia kwa wizi wa mifugo unaofanywa kwa bunduki. Novemba 2016 serikali ilichoma zaidi ya silaha 5,000 huko Ngong. Itifaki ya Nairobi ya 2004 imezifunga nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika kuweka alama na kumbukumbu za silaha zao. Ofisa wa forodha anayefungua sanduku na kukuta bastola anaangalia kwa macho yaliyoona hayo yote.

Tukirudi kwenye kifurushi, kinajibu maswali matatu kwa ofisi tatu. La bunduki ni la Bodi ya Leseni za Silaha. La baruti ni la Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, inayosimamiwa na idara ya madini. Sheria hii huitaja baruti miongoni mwa vilipuzi, sawa na baruti za kupasulia miamba machimboni. La tatu ni la posta na forodha.

Katika posta jibu ni fupi. Umoja wa Posta Duniani, uliozaliwa mjini Bern mwaka 1874, unakataza vilipuzi kusafirishwa kwa barua au vifurushi, na Kenya ni mwanachama wake tangu 1964. Mikataba yake ya karibuni imekataza hata mwigo wa mabomu na makombora yasiyo na kitu ndani, kwa sababu mashine ya miale haiwezi kutofautisha bomu la kweli na la kuchezea. Angani nako baruti nyeusi imo katika kundi la vilipuzi vinavyolipuka vyote kwa mpigo, na ndege za abiria hazichukui kundi hilo. Kwa hiyo bastola iliyotumwa pamoja na kopo la baruti na kibati cha fataki ni makosa matatu katika karatasi moja ya kufungia.

Forodha ina kitabu chake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 huziweka silaha na risasi zote za Sura ya 93 ya kitabu cha bidhaa katika orodha ya mizigo yenye masharti. Sura hiyo imezitaja kwa jina bunduki za kushindilia kwa mdomo, namba 9303.10, na bastola nyingine zina namba 9302. Wanaoandika kwenye fomu "pambo la nyumbani" au "kifaa cha mchezo" wanafanya kosa la pili la kudanganya juu ya la kwanza. Ni kweli kitabu hicho huviondoa vitu vya kale vilivyozidi miaka 100 katika Sura ya 93 na kuvipeleka katika Sura ya 97. Nakala mpya haipati faida hiyo, na hata bunduki halisi ya 1860 inayopata namba tofauti ya ushuru bado haijakutana na Bodi.

Mambo haya hugusa watu wa kawaida kwa njia ambazo hawazitarajii. Fikiria mwana wa Meru aliyeko Texas, aliyenunua nakala ya Remington kwa halali kabisa, na sasa anajaza pipa la nguo, viatu na vyombo vya kupikia la kupeleka nyumbani kwa meli. Akiitumbukiza katikati ya mablanketi, amevuka mpaka wa sheria mbili kwa pipa moja, na anayeitwa kuchukua mzigo Mombasa ni mjomba wake asiyejua lolote.

Au chukua familia iliyorithi bunduki ya gumegume iliyoachwa na msafara wa pembe za ndovu, inayotaka kumuuzia mkusanyaji wa Ulaya. Wao wanakutana na sheria kutoka upande wa pili. Ikiwa iliingia nchini kabla ya 1895, ni kitu cha kale chini ya sheria ya 2006, na haiwezi kutoka nje bila kibali cha serikali. Mahali pa kuanzia ni Makumbusho ya Meru, yaliyomo katika jengo lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya enzi za ukoloni. Bunduki kama hiyo ikiandikwa historia yake na kuhifadhiwa vizuri, thamani yake kwa Wameru ni kubwa kuliko bei ya mnada wowote.

Tena kuna safari za ndani. Vifurushi vingi vya Meru na Embu haviendi kwa posta. Hukabidhiwa ofisi za matatu pale Tea Room, Nairobi, vikapitia Embu, Chuka na Nkubu, vikachukuliwa jioni kwa kuonyesha ujumbe wa simu. Kosa la kukaa na silaha bila cheti halisubiri mpaka wa nchi. Humfikia anayetuma, na linaweza kumfikia dereva na karani wa mizigo ambao hawakuambiwa kilichomo. Kumtwika mtu mwingine hatari hiyo bila kumwambia ni dhuluma, hata kama mtumaji anaiona bastola yake kuwa pambo.

Serikali nayo ina deni. Raia anayetaka kufanya jambo sawasawa leo hulazimika kuzunguka ofisi za silaha, madini, ushuru na makumbusho, kila moja ikijibu kipande chake. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaosema nakala ya bastola ya baruti huhesabiwaje, nani anaombwa kibali na kwa utaratibu gani, ungeokoa masanduku mengi na kesi kadhaa. Kama wabunge wanaona nafasi kwa wakusanyaji wa kweli, makumbusho na watengenezaji wa filamu za historia, waiandike wazi, na waandike na mwaka. Ukimya huwasukuma watu kuamini matangazo ya nchi nyingine.

Hadi hapo, utaratibu wa mtu wa Kinoru ni huu: Bodi kwanza, kibali mkononi, ndipo malipo, kisha msafirishaji anayekubali silaha kwa maandishi, baruti asiiagize kabisa. Na sanduku likifunguliwa Nairobi, ofisa hatahitaji kubishana juu ya sura ya bastola. Sheria ya Italia inataka kila silaha ipimwe na ofisi ya majaribio ya taifa pale Gardone kabla ya kuuzwa, na kipimo hicho huachwa katika chuma kwa mihuri midogo, pamoja na herufi za mwaka. Atageuza bastola, ataangaza tochi kwenye mtutu, na chini ya nakshi za 1851 atasoma mwaka ambao kweli ilizaliwa.